Ukungu kwenye Bustani za Viungo Dodoma: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hufika kama milimita 550 hadi 600. Kwa ukame huo, mwenye bustani akikuta jani la mrehani limeota vinyoya vya kijivu hujiuliza ukungu umetoka wapi. Aangalie saa anayomwagilia. Tuta linalonyweshwa saa 12 jioni kwa keni, maji yakipita juu ya majani, miche imebanana chini ya neti ya kivuli, hupambazukiwa likiwa bado limelowa. Nje ya uzio ni Dodoma; ndani ya tuta hilo, usiku kucha, ni Lushoto.

Karibu magonjwa yote yanayofuata yanategemea muda ambao jani au shingo ya mmea imekaa bila kukauka. Moja linakwenda kinyume, ubwiru unga (ule unaopaka majani unga mweupe), nalo ndilo linalowafanya watu wapulizie dawa ya hili kwenye lile.

Je, ni ukungu kweli?

Fedha nyingi za dawa hupotea hapa. Mambo manne hufanana na ukungu na hayatibiwi na dawa ya ukungu hata kidogo.

La kwanza ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Dodoma hauna simile, na bustani iliyo kando ya barabara ya udongo hupakwa unga kila mchana. Lowesha kidole, pitisha juu ya jani. Vumbi hugeuka tope la rangi ya udongo. Ubwiru hutoka mweupe, na chini yake jani lina alama ya njano au limejikunja kidogo.

La pili ni chumvi ya maji ya kisima. Visima vingi virefu vya huku vina maji mazito. Kingo za majani ya zamani huungua na kuwa kahawia, zikianzia nchani, na tuta zima huwa hivyo kwa usawa. Ukungu hauna usawa huo: huanza kwenye kona moja, au pale matone ya neti yanapodondokea. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na majani hayana kitu, hiyo ni chumvi iliyopandishwa na jua. Nyweshea maji mengi kwa mara chache ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku huirundika pale juu.

La tatu ni utitiri mwekundu, hasa Septemba hadi Novemba joto linapopanda. Jani huwa na vidoa vidogo vya njano kama lililochomwa na sindano, na nyuma yake kuna utando mwembamba. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe, usubiri nusu dakika. Vidoa vikianza kutembea, weka dawa ya ukungu kando.

La nne ni minyoo ya mizizi. Mmea hunyauka mchana na kupata nafuu usiku. Ung'oe taratibu, usafishe mizizi. Ikiwa na vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, visivyobanduka, chanzo umekipata.

Miche inaanguka ikiwa imekatika shingo

Hiki ni kinyausi. Miche ya siku 5 hadi 15 huanguka ikiwa bado kijani, na ukiitazama kwa karibu utaona pale shina linapotoka udongoni pamesinyaa na kuwa pembamba kama uzi. Huanza kama duara dogo la upana wa kisahani, na kesho yake limekuwa sahani. Wahusika ni Pythium, Rhizoctonia na Fusarium, wote wakaazi wa udongo.

Chanzo karibu siku zote ni mchanganyiko wa mambo matatu: mbegu imemwagwa kama chumvi, samadi haijaiva, na kitalu hakikauki. Samadi ikiwa bado inanuka au ina joto ukiingiza mkono, haijafika. Kwa mrehani, panda kwa mistari iliyoachana sentimita 10, mbegu zikiwa chini ya udongo nusu sentimita tu, kisha punguza miche mapema. Nyweshea asubuhi, na usirudie hadi udongo wa juu uanze kubadilika rangi.

Likishatokea, duara lile halitibiki. Toa miche iliyoanguka pamoja na ya pembeni yake upana wa kiganja, ondoa na udongo wake wa juu, acha kitalu kikauke siku moja au mbili, punguza kivuli. Miche iliyobaki itasimama.

Dawa ya kudumu kwa kitalu huku ni jua, na hakuna wa kukuuzia. Kati ya Septemba na Novemba, lainisha udongo, ulowanishe hadi kina cha sentimita 30, kisha funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, ikigusa udongo, kingo zote zikifukiwa. Acha wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haipashi udongo kwa kiwango hicho, na udongo mkavu hauhifadhi joto la kutosha kuua vimelea, kwa hiyo usiruke hatua ya maji. Ukifunua, usichimbe kwa kina tena, maana utapandisha juu udongo ambao haukupata joto.

Unga mweupe juu ya majani ya mnanaa, giligilani au rosmari

Ubwiru unga hauhitaji jani lililolowa. Mbegu zake za kuvu hushindwa kuota vizuri jani likiwa na maji juu yake. Unachotaka ni mchana mkavu wenye joto la wastani, usiku wa baridi, na kivuli. Hiyo ndiyo Dodoma ya Juni hadi Agosti. Ndiyo maana anayeacha kumwagilia juu ya majani kwa hofu ya ukungu anaweza kuuona huu ukizidi, akadhani ushauri ulikuwa wa uongo.

Wakulima wa zabibu wanaujua ugonjwa huu na wana salfa stoo. Jambo la kufahamu ni kwamba ubwiru wa mzabibu ni kuvu wa mzabibu peke yake na haurukii mnanaa. Kwa hiyo usiking'oe kitalu kwa sababu jirani ana shamba la zabibu. Salfa ile ile, lakini, inafanya kazi kwenye aina zote mbili, mradi lebo inaruhusu zao lako.

Salfa ya unga unaoyeyuka kwenye maji hutumika kwa kawaida gramu 2 hadi 3 kwa lita, yaani gramu 32 hadi 48 kwa bomba la mgongoni la lita 16. Fuata kiwango cha lebo uliyoshika. Pulizia kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Joto likivuka nyuzi 30 na kitu, salfa huunguza majani, na Oktoba au Novemba kiwango hicho hufikiwa kabla ya adhuhuri. Usipulizie salfa ndani ya wiki 2 baada ya kutumia mafuta ya aina yoyote, mwarobaini ukiwamo, kwa sababu hiyo hiyo ya kuunguza.

Kwa bustani ndogo, maziwa yaliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 9, yakapulizwa asubuhi kwenye jua mara moja kwa wiki, huzuia ubwiru ulio mwanzoni. Bikaboneti ya soda ya dukani, gramu 5 kwa lita pamoja na matone machache ya sabuni ya maji, nayo husaidia, ila ni sodiamu unayoiongeza kwenye udongo ambao maji ya kisima tayari yameutia chumvi. Mara mbili kwa msimu zinatosha. Hata hivyo, kupunguza kivuli na kukata matawi ya ndani kunazidi vyote viwili.

Mrehani: njano juu, vinyoya vya kijivu chini

Huu ni ubwiru vinyoya, na kwa mrehani hauna mpinzani kwa hasara. Kuvu wake, Peronospora belbahrii, si mgeni Afrika Mashariki: uliandikwa kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1933, miaka mingi kabla haujaanza kuwatesa wakulima wa Ulaya na Marekani katika karne hii.

Makosa huanza na rangi. Jani hugeuka njano kwa vipande vilivyopakana na mishipa mikubwa, kama vyumba vilivyopakwa rangi kimoja kimoja, na mkulima huona upungufu wa naitrojeni. Anaweka Urea. Mmea hutoa majani laini zaidi, hufunga zaidi, hukauka polepole zaidi, na ugonjwa hupata karamu. Kwa hiyo geuza jani. Ukiona kitu kama majivu ya sigara yenye uzambarau, chini ya ile njano, umepata jibu.

Asubuhi yenye upepo majivu hayo huwa yamepeperuka. Fanya hivi: chukua majani matatu yenye njano, yaweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha karatasi ya chooni kilicholoweshwa, funga, weka kabatini usiku mmoja. Kama ni ubwiru vinyoya, kufikia asubuhi vinyoya vitakuwa vimeota upande wa chini. Kama ni njaa ya naitrojeni, jani litabaki na njano yake tu.

Jaribio hilo linaonyesha pia jinsi kuvu huyu anavyoishi. Anatoa mbegu zake gizani, hewa ikiwa imejaa unyevu kwa saa 7 hivi au zaidi mfululizo. Ukivunja mfululizo huo umemvunja yeye. Hatua zake ni hizi, na zifuatwe kwa mpangilio:

Hamisha umwagiliaji kutoka jioni kwenda alfajiri, saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na mwaga kwenye shina. Mipira ya matone ni bora. Kama huna, toa kichwa cha keni na umwagilie kati ya mistari. Panua nafasi hadi sentimita 30 kwa 30, na miezi ya baridi 40. Inua au ondoa neti ya kivuli kuanzia saa 10 jioni ili upepo upite kabla ya usiku. Upepo ule ule unaokuletea vumbi ndio unaokukaushia majani. Elekeza mistari kwa mkondo wa upepo, usiikinge.

Ukikuta dalili za kwanza kwenye mimea michache, vuna tuta zima siku hiyo hiyo, lote, hata kama majani hayajafikia ukubwa unaoutaka. Anayesubiri wiki moja aongeze uzito huvuna majani ambayo hakuna hoteli itakayoyapokea. Mimea iliyoambukizwa ing'oe asubuhi na mapema ikiwa na umande, kwenye mfuko, kwa sababu ukiitikisa saa 4 ikiwa mikavu umewapelekea majirani.

Kuvu hawa wa ubwiru vinyoya, pamoja na Pythium na Phytophthora, wana uhusiano wa karibu na mwani kuliko na kuvu wa kawaida. Si elimu ya mtihani hiyo: ndiyo sababu salfa na dawa zenye kabendazimu hazifui dafu mbele yao. Kinachowagusa ni viambato mahususi kama metalaksili, ambavyo navyo vimeshaanza kuzoeleka katika nchi kadhaa, na dawa za kopa zinazozuia lakini haziponyi. Kopa ikipulizwa juu ya jani ambalo chini limeshaota vinyoya ni rangi tu.

Mrehani wenye harufu ya limau huathirika kidogo kuliko ule mtamu wa majani mapana. Mbegu pia hubeba ugonjwa, na kuzitibu kwa maji ya moto ni shida, maana mbegu za mrehani zikigusa maji huvimba na kufunikwa na ute. Mbegu zikikuletea ugonjwa, nunua kwingine.

Vipele vya rangi ya chungwa chini ya jani la mnanaa

Kutu ya mnanaa, Puccinia menthae. Vipele huacha unga wa rangi ya mdalasini kwenye kidole, na baadaye hugeuka kahawia nzito hadi weusi. Mashina machanga huvimba na kupinda. Kuvu huyu humaliza maisha yake yote kwenye mnanaa, bila kuhitaji mmea mwingine, kwa hiyo tuta lililoachwa miaka mitatu bila kukatwa ni ghala lake.

Kata tuta lote hadi usawa wa udongo, zoa kila jani lililoanguka, acha jua lipige wiki moja, halafu rudisha maji na mbolea kidogo. Machipukizi mapya mara nyingi hutoka safi.

Unapoanzisha tuta jipya kwa vipande vya mashina yanayotambaa ardhini, vioshe hadi udongo uishe, vitumbukize kwenye maji ya nyuzi 44 kwa dakika 10, kisha mara moja kwenye maji baridi. Kipimajoto hakina mbadala hapa, kwani kidole hakiwezi kutofautisha 44 na 50, na kwenye 50 umeshapika mboga. Tumia ndoo kubwa yenye maji mengi na vipande vichache, ili joto lisishuke ghafla unapotumbukiza.

Mchaichai nao una kutu yake, mistari myembamba ya kahawia chini ya jani. Kata shina zima libaki sentimita 15 hadi 20, ondoa majani makavu katikati, basi. Jani linalokwenda moja kwa moja kwenye chai halistahili dawa kwa ugonjwa mdogo kama huu.

Mrehani unanyauka upande mmoja

Kama tawi la kushoto limelala na la kulia limesimama, na shina lina mchirizi wa kahawia au limejipinda kama mundu, kata shina kwa urefu karibu na udongo. Mstari wa kahawia chini ya ganda ni mnyauko wa Fusarium. Hakuna dawa ya kuponya mmea huo, na kuvu hubaki udongoni kwa miaka, hata 8 au zaidi. Faraja ni kwamba aina inayoua mrehani haigusi giligilani, kwa hiyo tuta halijafa, limebadilisha mpangaji. Mbegu za tuta hilo usizihifadhi. Na jembe lililotoka humo lioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kuingia tuta jingine. Wengi huosha bomba na kusahau jembe.

Kama mmea mzima umelala kwa pamoja, mizizi ni laini, ya kahawia, na ganda lake linabanduka ukilivuta likabaki kama uzi mtupu, hiyo ni kuoza mizizi kwa sababu ya maji. Rosmari hufa hivi zaidi ya kwa jambo lingine lolote. Huanza kukauka nchani, mwenyewe anaona kiu, anaongeza maji, na mmea unakamilisha safari. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, rosmari isipandwe tambarare: inua tuta sentimita 30, changanya mchanga wa korongo, na nyweshea pale udongo ulipokauka kina cha kidole kizima. Rozela pia huoza kisigino, pale shina linapoingia udongoni, kwenye madimbwi ya Januari na Februari, na tiba ni hiyo hiyo ya kuinua.

Madoa kwenye giligilani na pasli

Doa la pasli lenye rangi ya majani makavu, na katikati yake vitone vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, ni Septoria. Huja na mbegu na kusambazwa na maji yanayoruka. Acha kunyunyiza juu, ondoa majani ya chini.

Doa la giligilani lenye pembe, lililozuiwa na mishipa, linaloonekana pande zote mbili, kwanza kama limelowa maji kisha jeusi, mara nyingi ni bakteria. Dawa ya ukungu ya kawaida haitafanya kitu. Mbegu zake zinaweza kutibiwa kwa maji ya nyuzi 53 kwa dakika 30, kisha kukaushwa kivulini. Jaribu mbegu 50 kwanza uone zinavyoota. Giligilani inayokimbilia kutoa maua Oktoba haina ugonjwa, inakimbia joto.

Ukungu baada ya kuvuna

Anayeuza majani makavu au rozela akumbuke kwamba kuvu haziishii shambani. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mkoa wa Dodoma na Manyara, na tangu hapo neno hilo halihitaji tafsiri hapa. Anika juu ya chanja, kamwe si chini, kivulini kwa majani ya harufu. Jani likauke hadi livunjike kwa sauti na kijiti kikatike badala ya kupinda. Liache lipoe kabla ya kufunga. Lililofungwa na joto lake hutoa jasho ndani ya mfuko, na doa la kijani-kijivu huanzia kwenye kona.

Ukiamua kupulizia

Majani haya huliwa yenyewe, mara nyingi mabichi, bila kumenywa. Dawa iliyoandikwa nyanya kwenye lebo haina kipimo cha mrehani. Tafuta bidhaa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye zao lako kwenye lebo, na usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mrehani hukatwa kila wiki 2 hadi 3, kwa hiyo dawa ya kusubiri siku 14 ni sawa na kuuza mkupuo mmoja mzima. Piga hesabu hiyo dukani, siyo nyumbani.

Geuza ncha ya bomba itazame juu, ipite chini ya mmea, kwa kuwa ugonjwa uko nyuma ya jani. Usirudie kiambato kile kile mara mbili mfululizo. Angalia jina la kiambato, kwa maana chupa mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa na kitu kimoja. Ukitumia Trichoderma, kuvu rafiki wa mmea, kwenye mboji, usimwage dawa ya ukungu juu ya tuta hilo, utaua ulichokilipia.

Mabaki yaliyoambukizwa yachomwe au yafukiwe kina cha sentimita 50, mbali na mboji. Rundo la mboji la bustani ndogo huwa na joto katikati tu. Shina la mrehani lenye Fusarium likibaki pembeni ya rundo, miezi sita baadaye utalirudisha kitaluni kwa beleshi lako mwenyewe.